Shajara ya mradi: kipimo cha hewa ya mitungi, Nungwi (oksijeni kwanza, kaboni monoksaidi baadaye)

4 Agosti 2024: tunaanzia hapa

Kituo chetu cha kuzamia kiko Nungwi, Zanzibar. Mitungi ya hewa ya kawaida tunajaza wenyewe, nitroksi ya 32 (hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 32) tunachukua kwa jirani mwenye mashine ya kuchanganya. Kipimo cha oksijeni tulichokuwa nacho sensa imekufa, ukiwasha kinakwambia 14, ukisubiri kidogo 11, ukikiweka chini kinapanda 16, yaani kinabahatisha tu. Kipya cha dukani ukijumlisha na usafiri kinapita milioni moja na bosi kasema subirini wageni wa Desemba. Sasa kusubiri ndo haiwezekani, maana kwenye nitroksi hakuna mjadala, anayeingia na mtungi majini ndo anaupima, mwenyewe, kwa macho yake, halafu anaandika namba kwenye mtungi na jina lake.

Kwa asiyejua sababu: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kila mita 10 unazoshuka presha inaongezeka bar moja, na oksijeni ikipita 1.4 bar mwili unaingia hatarini, mtu anaweza kushikwa na degedege bila dalili yoyote na regileta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa) ikamtoka. Ya 32 mwisho wake mita 33, ya 36 mwisho mita 28, ya 40 mwisho mita 25. Mtungi umeandikwa 32 kumbe ndani 40, ukashuka nao Leven Bank (mwamba wa kuzamia kaskazini ya Nungwi) mpaka mita 33, hapo unavuta oksijeni ya bar 1.7. Hayo si ya kukisia.

Mpango: kwanza kipimo cha oksijeni cha kutengeneza wenyewe, kikishakaa sawa tunaongeza cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu ya moshi), ambacho hatujawahi kuwa nacho kabisa. Hapa kwetu mpaka leo hewa inapimwa kwa pua, mtu anafungua valvu ananusa anasema nzuri. Pua itakwambia kama kuna mafuta. Kaboni monoksaidi haina harufu.

Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye kituo Pemba, Mafia, Diani au popote anakili akitaka.

19 Agosti 2024: vifaa na bei

Nitaenda haraka maana hivi vinapatikana. Kariakoo: Arduino Nano (kompyuta ndogo ya bodi moja) 25,000, bodi ya ADS1115 ya kusoma umeme mdogo 18,000 (umuhimu wake utauona chini), skrini ndogo ya OLED 15,000. Darajani: boksi la plastiki la kuunganishia nyaya, mabomba ya PVC na T yake, o-ringi, waya, gundi ya epoksi, jumla kama 32,000 pamoja na vitu vya famasi nitakavyovisema.

Sensa ya oksijeni ndo roho ya mradi na ndo iliyokula hela. 230,000 bei yake, 95,000 usafiri, 40,000 ushuru. Ni ile ya galvaniki, ndani ina risasi na dhahabu na maji ya potasiamu haidroksaidi, oksijeni ikipenya kwenye utando wake inakula risasi pole pole na hapo unatoka umeme mdogo sana. Haihitaji betri, inatoa umeme wenyewe. Kwenye hewa ya kawaida hii yetu inatakiwa itoe kati ya milivolti 9 na 13. Imekuja na 10.4.

Angalizo kwa mnunuzi: angalia tarehe iliyoandikwa ubavuni. Hizi sensa zinazeeka hata zikiwa kabatini kwa sababu hewa ipo kila mahali, miaka miwili mitatu imekwisha. Kuna mtu anakuuzia kwa nusu bei sensa iliyokaa stoo tangu zamani, anakuuzia risasi iliyokwisha kuliwa.

25 Agosti 2024: Arduino peke yake haitoshi

Tulijaribu kwanza kuchomeka sensa moja kwa moja kwenye Arduino tukiwa na nia ya kuokoa ile 18,000 ya ADS1115. Haikufanya kazi na haiwezi kufanya kazi. Arduino Nano inagawa volti 5 kwenye hatua 1024, kila hatua karibu milivolti 4.9. Sensa yako yote inatoa 10. Kwa hiyo hewa safi inasomeka hatua mbili, na nitroksi 32 inasomeka tatu, na hapo katikati hakuna kitu. Tukabadilisha tutumie rejea ya ndani ya volti 1.1, ikawa hatua moja ni milivolti moja na kidogo, bado kila hatua ni kama asilimia mbili za oksijeni. Huwezi kumpa mtu mtungi kwa kipimo kinachoruka mbili mbili.

ADS1115 ukiiweka kwenye ukuzaji wa mwisho, ule wa 16, kila hatua ni milivolti 0.0078. Milivolti zetu 10.4 zinakuwa hatua 1331. Hapo unaongea kitu kingine kabisa. Waya mbili za sensa ziingie kwenye pini za A0 na A1 usome tofauti kati yao, usiunge moja kwenye graundi ukasoma moja tu, tulijaribu na namba ikawa inacheza kila kompresa ikiwaka. Programu inachukua vipimo 20 inatoa wastani halafu hesabu ni hii tu: milivolti za mtungi gawa kwa milivolti za hewa, zidisha 20.9.

Lehemu. Hapa pwani chumvi inakula kila kitu, maungio yaliyoachwa wazi yalishaota kijani ndani ya wiki na namba ikaanza kushuka pole pole tukadhani sensa inakufa. Kata, lehemu upya, funika na gundi ya moto, halafu boksi zima lifungwe na raba. Nafuu ufanye hivyo tangu siku ya kwanza.

8 Septemba 2024: kasi ya hewa

Elektroniki imetulia, sasa taabu imehamia kwenye mabomba.

Ukifungua valvu ya mtungi hewa ikapiga sensa moja kwa moja, namba inaruka. Mtungi wa hewa ya kawaida ulitusomea 23, tena 24, ukifungua zaidi 26. Si kwamba oksijeni imeongezeka, ni presha. Sensa haijui asilimia, yenyewe inahisi presha ya oksijeni inayogonga utando, ukiibana hewa mbele yake hata kidogo inahesabu hiyo kama oksijeni ya ziada. Mtu asiyelijua hili atakwambia mtungi ni nitroksi.

Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza T ya PVC: hewa inaingia upande mmoja, inatokea upande wa pili ulio wazi kabisa, na sensa inakaa kwenye ule mguu wa katikati, hivyo hakuna presha inayojikusanya. Sensa ina nyuzi za M16, sisi tulichonga bomba likaibana na o-ringi. Ukiweza kupata mtu wa kuprinti kwa plastiki ni safi zaidi.

Ya pili ni kupunguza kasi, na hapa ndo famasi inaingia. Tunachukua hewa kwenye hosi ya regileta inayojaza BCD (jaketi la kuelea), pale presha ni bar 9 au 10 hivi, inabidi itoke lita 1 mpaka 2 kwa dakika na isizidi. Kutoboa tundu dogo hivyo kwa drili haiwezekani, drili nyembamba kuliko zote aliyonayo fundi ilitupa upepo wa kupigia tairi. Tukatumia sindano ya hospitali. Ile ya namba 23 bado ni nene. Ya namba 27 ndo yenyewe. Kata ncha, pitisha kwenye kipande cha shaba kilichotobolewa, jaza epoksi, acha siku nzima ikauke. Iingize kutokea ndani, yaani upande wa presha, ili hewa ikisukuma ijikaze kwenye kiti chake, ukiiweka kutokea nje siku moja itaruka na itamtafuta mtu jicho.

Kupima kasi hatukununua mita. Ndoo ya maji, chupa ya maji ya lita moja na nusu imejazwa na kugeuzwa mdomo chini ndani ya ndoo, mrija kutoka kwenye T unaingia mdomoni mwa chupa, hewa inapanda inasukuma maji yanashuka, na wewe una saa mkononi. Namba 23 chupa ilikuwa tupu ndani ya sekunde 13, hiyo ni karibu lita 7 kwa dakika. Namba 27 ilichukua sekunde kama 50 na maji yalikuwa yanashuka taratibu unayaona, mapovu madogo madogo mfululizo. Lita 2 kasoro. Hapo mtungi wa hewa ukasoma 20.9 na ukibana au ukilegeza valvu haikuhama.

Onyo moja na ni zito: hii ni ya mchanganyiko usiozidi asilimia 40. Usiifunge kwenye mtungi wa oksijeni tupu, na usiguse hizi sehemu kwa mikono yenye grisi. Oksijeni nyingi, presha na mafuta vikikutana ni moto.

22 Septemba 2024: unyevu wa Nungwi

Jirani alituletea mitungi ya 32 na vipimo vyake vimeandikwa kwenye utepe, 32.0, 31.8, 32.1. Sisi tukapima: 33.1, 32.9, 33.2. Yote juu kwa moja na kitu. Mitungi yote, tena kwa kiasi kile kile, ina maana si mitungi. Jirani kasema chenu hakifai. Daivu masta wetu (anayeongoza wazamiaji) kasema cha jirani ndo hakifai. Ikawa mabishano ya baraza nzima mpaka chai ikapoa.

Ilichukua muda kuona kumbe tofauti iko kwenye hewa tuliyosetia. Sisi tunawasha kipimo nje kwenye kibaraza, tunakiambia hii unayoivuta ni 20.9, halafu tunapima mtungi. Lakini hewa ya kibarazani si 20.9. Joto 30, unyevu asilimia 80, hapo mvuke wa maji umeshachukua zaidi ya asilimia 3 ya nafasi, na kila kitu kingine kimesogea kuupisha. Oksijeni iliyopo kweli ni kama 20.2. Hewa ya mtungi ni kavu kabisa maana filta ya kompresa imeshanyonya maji. Kwa hiyo umemwambia mashine 20.2 ni 20.9, naye kwa utiifu anakuongezea kwenye kila mtungi. Piga hesabu: 32 zidisha 20.9 gawa 20.2, unapata 33.1. Ile ile.

Kuna waliosema moja ni kitu gani, na zaidi ikisoma juu si ndo usalama, utashuka kina kifupi. Upande wa oksijeni ni kweli. Upande wa naitrojeni si kweli, kwa sababu hiyo namba mzamiaji anaingiza kwenye kompyuta ya kuzamia ya mkononi, inayomhesabia dakika za kukaa chini, nayo inaamini ana oksijeni nyingi na naitrojeni kidogo kuliko uhalisia, inampa dakika ambazo hana. Daivu moja hatasikia kitu. Wale wa daivu tatu kwa siku wiki nzima, ambao ndo wanaopenda nitroksi, kila siku wanajilimbikizia naitrojeni mwilini.

Dawa ni rahisi na haina gharama: usisetie hewa ya nje, setia hewa ya mtungi. Tumetenga mtungi mmoja wa hewa ya kawaida, umepakwa rangi ya njano shingoni, haujawahi kuingizwa nitroksi na hautaingizwa, na kila asubuhi kipimo kinaanza hapo kwa hosi ile ile na kasi ile ile. Mitungi ya jirani ikasoma 32.0, 31.9, 32.1. Mabishano yakaisha, japo kila upande unasema ulishinda.

Nyingine ndogo ya kufanana na hiyo: ukikitoa kipimo ofisini kwenye kiyoyozi ukakipeleka juani usikiamini mpaka kipoe, au kipate moto, vyovyote utakavyosema. Sensa ina kifaa cha kusahihisha joto lakini kinachelewa kuliko sensa yenyewe. Robo saa kivulini inatosha.

29 Septemba 2024: mtungi wa chuma wa stoo

Hii haikuwa kwenye mpango. Kwa sababu kipimo kipo kila mtu akawa anataka kupima kila kitu, na kijana mmoja akatoa stoo mtungi wa chuma wa zamani, nusu umejaa, hakuna anayekumbuka ulijazwa lini. Ukasoma 18.6. Tukarudia kwa mtungi wa njano, 20.9. Tukarudi, 18.6.

Tukaumwaga, tukafungua valvu, tukaangaza tochi ndani: kutu nyekundu chini kama unga, na alama ya maji ubavuni. Kutu ni chuma kinachokula oksijeni, na ndani ya mtungi uliofungwa oksijeni ikiliwa hairudi. Huu ulikuwa na 18 hivi, ungekaa zaidi ungeshuka zaidi, na mtu akivuta hewa yenye oksijeni chache hasikii kubanwa, anazimika tu. Mitungi yetu ya kila siku ni ya aluminiamu kwa hiyo hili hatukuwa tunalifikiria. Sasa sheria ni kwamba mtungi wowote uliolala zaidi ya mwezi unapimwa hata kama ni hewa ya kawaida.

13 Oktoba 2024: kaboni monoksaidi, jaribio la bei rahisi

Hatua ya pili. Kwanza kwa nini: kaboni monoksaidi inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikishika haiachii haraka. Na kina kinaizidisha, ppm 10 juu (sehemu 10 ndani ya milioni) ukiwa mita 30 mwili unaipata kama 40. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia kinaruhusu mwisho 5, cha Marekani mwisho 10. Inaingia kwa njia mbili, moshi wa injini kufika kwenye bomba la kuvutia hewa, au kompresa yenyewe kuchemka mafuta yakaungua ndani. Filta nzuri ina hopkalaiti inayoigeuza kuwa kaboni dayoksaidi, lakini hopkalaiti ikipata unyevu imekufa, na unyevu ndo tulio nao.

Tulinunua MQ-7 kwa 12,000. Usinunue. Siyo mbovu, ni ya kazi nyingine. Inaanza kusoma kwenye 20 kwenda juu wakati sisi tunatafuta 5, inataka ichemshwe volti 5 dakika moja halafu 1.4 dakika moja na nusu ndo isome, ikiingiziwa hewa kavu ya mtungi namba inahama kwa ukavu tu. Na ilikuwa inapiga kelele kila saa sita mchana. Ilikuwa ni samaki wa mama jikoni, mafuta yakipata moto tu nayo inaita. 12,000 imekwenda.

3 Novemba 2024: sensa ya pili, na mvuta sigara

Tumehamia ZE07-CO, hii ni ya kielektrokemia, inasoma kwa sehemu moja ya kumi ya ppm na inatoa namba moja kwa moja kwa waya wa data (serial), hakuna hesabu ya milivolti. 110,000 na usafiri 60,000. Tumeiweka kwenye T ya pili baada ya ile ya oksijeni, hewa ile ile inapita zote mbili.

Utajuaje inasoma kweli? Gesi maalumu ya kusetia hatukuipata. Kuna kipimo cha kienyeji: mtu anayevuta sigara pumzi yake ina kaboni monoksaidi, wanapima hivyo hata kliniki za kuacha sigara. Tukamwita nahodha wetu, ambaye anavuta kuanzia alfajiri. Abane pumzi sekunde 15, apulize kwenye mfuko wa plastiki safi, mfuko ukamuliwe pole pole kwenye T. 17. Daivu masta asiyevuta: 2. Nahodha akaniangalia mimi, si mashine, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndo kompresa mbovu?" Nikamwambia nahodha wewe filta yako imeisha. Hakucheka sana.

Siyo kusetia huko, ni kujua tu kwamba ipo hai na inatofautisha. Tumekubaliana hivi: sifuri inachukuliwa ufukweni upande upepo unaotokea baharini, na mtungi ukisoma zaidi ya 3 haumwingii mtu mdomoni. Cheti cha maabara cha hewa ya kompresa bado kinahitajika palepale, hiki chetu ni cha kukamata balaa la siku kwa siku.

Usiiache kwenye hewa kavu muda mrefu. Maji ya ndani ya sensa yanakauka. Dakika mbili, soma, toa.

17 Novemba 2024: namba za uongo kutoka chumba cha betri

Kwa siku kadhaa mitungi yote ilikuwa inasoma 6 mpaka 8 asubuhi, na jioni mitungi hiyo hiyo inasoma 0. Hewa haiwezi kujisafisha ndani ya mtungi. Tukabadilisha filta ya kompresa bure, hela nyingine hiyo. Haikusaidia.

Kilichotufungua macho ni kipimo kuachwa kimewaka mezani bila kufungwa kwenye mtungi wowote, na bado kinasoma 7. Meza ipo ukutani, nyuma ya ukuta betri za sola, zile za kuongezwa maji, zinachajiwa asubuhi jua likipanda. Betri za asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni, na sensa hizi za kaboni monoksaidi haidrojeni zinaihesabu kama ndugu yake. Sifuri yetu ilichukuliwa ufukweni, kupima kunafanyika kwenye hewa ya betri, na T iko wazi upande mmoja kwa hiyo hewa ya chumba inajipenyeza. Tumehamisha meza. Pia tumeweka mrija wa sentimita 30 kwenye mdomo wa T ili hewa ya nje isirudi nyuma.

Na ile spiriti ya kufutia midomo ya regileta nayo inapandisha namba, ikiwa umetoka kufuta subiri ikauke.

8 Desemba 2024: kaskazi imeingia

Asubuhi umeme ulikatika tukajaza kwa kompresa ya petroli. Mtungi wa kwanza 1. Wa tano 4. Wa tisa 9. Betri zilikuwa mbali, spiriti hakuna, mtungi wa njano unasoma 0. Tukarudia wa tisa: 9. Hiyo ukienda nayo mita 25 ni kama kuvuta 31 na zaidi.

Mzee wetu wa kompresa alikataa. "Mimi hapa nimejaza mitungi kabla hujajua kuogelea," akasema, na ni kweli, "na bomba hilo liko pale pale." Tukatoka nje wote wawili. Bomba la kuvutia hewa liko pale pale kweli, kona ya kusini mashariki ya banda, eksozi kona ya kaskazini. Miezi yote ya kusi upepo unatoka kusini, unaingia kwenye bomba safi na kuupeleka moshi baharini. Kilichohama ni upepo. Mzee akanyanyua kitambaa cha jasho akakiachia, kikapepea kutoka kwenye eksozi kuelekea kwenye bomba, moja kwa moja. Hakusema kitu, akazima injini.

Hili nadhani limekuwa likitokea kila mwaka kaskazi ikiingia na hakuna aliyejua, watu walikuwa wanatoka majini vichwa vinawauma wanaambiwa hawakunywa maji ya kutosha.

Mitungi iliyozidi 3 tumeimwaga yote uwanjani, bosi anaangalia saa, wageni wanaangalia bosi. Boti ilichelewa. Jioni fundi akaja: bomba pana la PVC la inchi 2, limepandishwa juu ya paa, na lina viungo viwili, kimoja cha kusi kimoja cha kaskazi, usichotumia unakifunga kifuniko. 70,000 pamoja na ufundi. Pana makusudi, maana bomba refu na jembamba linaibana kompresa inavuta kwa shida inapata moto, na kompresa iliyopata moto ndo ile inaunguza mafuta. Eksozi nayo tumeirefusha.

Siku ya pili petroli tena, mitungi kumi na miwili, hakuna uliozidi 1.

22 Desemba 2024: hali ilivyo sasa

Jumla: oksijeni 455,000 pamoja na sensa, mabomba na bodi. Kaboni monoksaidi 170,000. MQ-7 ya bure 12,000. Bomba la upepo 70,000. Filta iliyobadilishwa bila sababu siihesabu humu, ilikuwa inakaribia muda wake.

Utaratibu wa asubuhi: kipimo kivulini robo saa, sifuri ya kaboni ufukweni, 20.9 kwa mtungi wa njano, halafu mitungi. Kila mtungi unaandikwa oksijeni, kaboni, mwisho wa kina, tarehe, na aliyepima. Mgeni wa nitroksi anapima wa kwake mwenyewe, tunamshikia hosi tu.

Mara moja kwa mwezi sensa ya oksijeni inajaribiwa kwa oksijeni tupu ya kitita cha dharura, ikitoka taratibu kwenye barakoa yake na kuingizwa kwenye T kwa mrija, haipiti kwenye sindano wala kwenye hosi ya regileta. Kama hewani inatoa 10.4 basi kwenye oksijeni tupu inatakiwa karibu 49.8. Sensa iliyochoka inaweza kusoma hewa vizuri kabisa halafu kwenye oksijeni nyingi ikashindwa kupanda, inakusomea chini kuliko iliyopo, na hapo ndo inapoua. Leo imetoa 49.1. Ikishuka chini ya 47 inatoka.

Linalosubiri: boksi jingine kwa ajili ya boti ya pili, nimeagiza bodi mbili tayari, sensa nitaagiza Februari ili isizeekee kabatini. Programu na michoro ya T nitaweka nikishaisafisha, kwa sasa maelezo ndani yake nusu ni matusi.